Namba Themanini na Nane

Kli, kli, kli. Hamidi alisikia mlio huo kabla hajaona kitu. Ulikuwa ukija nyuma yake, pamoja na vishindo vya miguu mitupu kwenye matope. Hakugeuka. Angegeuka angepunguza mwendo, na mwendo wenyewe ulikuwa mdogo.

Alikuwa peke yake kwa muda sasa. Wenzake katika mbio za Pasaka walimwacha kwenye Barabara ya Outer Ring, kisha mvua ya Aprili ikafuta mishale ya chokaa iliyochorwa kwenye lami, na yeye akapotelea katika vichochoro vya mtaa wa Tena. Huu ulikuwa mwaka wa tatu wa kuwa mtu wa mwisho. Jirani yake, Wanyoike, alishamtangazia mbele ya watu kwamba safari hii atamsubiri kwenye utepe wa mwisho na taa ya karabai.

Laiti hofu yake ingekuwa karabai tu. Nyuma ya ule mlio, mbali kidogo, zilisikika sauti za watu wengi, na neno lao lilikuwa moja.

"Mwizi! Mwizi!"

Hamidi alijitazama. Mtu mzima wa miaka arobaini na mitano, kaptura, sweta kuukuu lililolowa, anakimbia peke yake uchochoroni. Nani angemuuliza anatoka wapi? Desemba iliyopita mtu alikamatwa nyuma ya maduka ya Umoja na hakuna aliyemuuliza lolote. Hamidi mwenyewe alitoka mbio na mchi wa kinu cha mkewe, Muhiba. Baadaye aliurudisha jikoni, akauosha. Muhiba hakuutwangia tena. Alinunua mwingine, na wala hawakulizungumza.

Mwanamke mmoja alifungua dirisha, akamwona, akamwita mtu aliyekuwa ndani. Hamidi aliongeza mbio hadi kifua kikamuuma.

Mwenye mlio akamfikia. Alikuwa kijana wa fulana nyeupe, pekupeku, jasho likimchuruzika. Hakumpita. Alipunguza mwendo, wakawa wanakimbia sambamba.

"Mbio zinaishia wapi, mzee?"

Hamidi nusura alie kwa furaha. Kumbe kuna mwingine aliyepotea. Akamweleza kwamba mishale imefutika, lakini barabara kubwa iko mbele, na mwisho ni uwanja wa Umoja. Kisha akamshika mkono.

"Usiniache, ndugu yangu. Tukiwa wawili hawatatugusa."

"Wanakufukuza wewe?"

"Watadhani ni mimi."

Kijana alimtazama hatua tatu nne, kli, kli, kli. "Basi vua hilo sweta," akasema. "Waone namba yako."

Hofu ilikuwa imemsahaulisha. Alilivaa sweta mvua ilipoanza, likafunika vitambaa vyote viwili vya namba 88, cha kifuani na cha mgongoni. Alilivua akalitupa juu ya ua wa watu. Hapo ndipo alipoona kwamba mwenzake hana namba. Kijana akasema yake imedondoka kwenye matope huko nyuma. Hamidi hakusita. Alimwambia abandue kile cha mgongoni, pini na vyote, akibandike kifuani pake, na kijana akafanya hivyo bila kusimama.

Hamidi aliuliza ni nini kinacholia mfukoni. Funguo, kijana akajibu. Siku kama ya leo, watu wote wako barabarani, lazima mtu afunge kwake.

Hamidi akacheka, kicheko chake cha kwanza tangu asubuhi. Alimkumbuka Muhiba, ambaye alitaka kubaki nyumbani kupanga sanduku la bibi harusi, maana binti yao Lela alibakiza wiki tatu tu aolewe. Hamidi ndiye aliyemsihi atoke, ili mwaka huu awepo angalau mtu mmoja wa kumpigia makofi.

Walipotokeza barabarani, jiwe lilipita sikioni mwake likivuma. Watu kama ishirini walichomoka mbele yao na marungu, kutoka uchochoro mwingine. Hamidi alifumba macho, akaendelea kukimbia hivyo hivyo, akimng'ang'ania mwenzake mkono.

"Hao ni wa mbio, si mnaona namba," mtu mmoja alisema. "Wale wa kufunga mlango. Waacheni."

Wakacheka, wakarudi kupekua vichochoro.

Utepeni, Mbithe, mwandika matokeo ya mbio, alizitazama namba zao mbili, akauliza namba themanini na nane amezaa saa ngapi. Hamidi hakujali. Alimwambia Muhiba, pumzi zikimkatika, kwamba kijana huyu ndiye aliyemwokoa. Bila yeye angeletwa uwanjani amebebwa. Muhiba alimshukuru kijana, akampa maji. Kijana aliyanywa akiangalia chini. Alitaka kuondoka, lakini Hamidi hakumwachia mkono.

Ndipo Wanyoike akaja. Hakuwa na karabai. Alikuwa na rungu, na wale watu walikuwa nyuma yake.

"Jirani, ni kwako," alisema. "Mlango umevunjwa. Nilimwona mgongo tu akitoka. Tumempotezea huko Tena."

Muhiba alijishika kichwa. "Bangili za mama," akasema. "Zote saba, za sanduku la Lela."

Watu walimtazama Hamidi, wakingoja kauli yake. Mawe yalikuwa bado mikononi mwao. Mkono alioushika ulijaribu kuchomoka. Mkono wa pili wa kijana ulikuwa umeubana mfuko wa kaptura, na mfuko haukutoa mlio.

Hamidi aliukaza mkono ule ndani ya wake.

"Nyamaza, mama Lela," alisema kwa sauti, ili kila mtu asikie. "Mwizi amekwenda zake, waache watu warudi makwao. Bangili zitarudi. Wallahi, kesho kabla ya adhuhuri nitakukabidhi zote saba."