Hodi ya Usingizi

Kitendawili! Wote hubisha mlangoni kwangu, ndani haingii hata mmoja. Umeshindwa? Basi nipe mji. Nimeupokea, na jina lake silitaji. Jibu ni kiini cha kompyuta, ile sehemu inayoitawala mashine nzima: programu hubisha hodi, husema haja yake, nacho kiini huitimiza.

Katika mji huo, kompyuta ya kusajili wagonjwa hospitalini ilikuwa ikijikokota. Mwanahawa ndiye aliyekuwa fundi wa kompyuta hiyo, na mama yake mzazi alikuwa kwenye foleni akihema.

“Mashine zenu kuukuu,” alisema Bwana Shekue, aliyeiuzia hospitali programu ya kusajili.

Mwanahawa akatega programu ya upelelezi kwenye mlango wa kiini, kila hodi ikajiandika kwenye skrini.

“Njoo uone, bwana! Kila mgonjwa akifika, programu yako inabisha kuomba ilazwe usingizi kwanza. Mashine inatii tu. Watu wanaishiwa pumzi, yenyewe inaomba kulala! Nani aliiagiza?”

Shekue akatazama pembeni. Mama akakohoa, akashika ukuta.

“Nimekuuliza, nani?”

“Mimi,” akasema Shekue, kwa sauti ya chini. “Hii ingekimbia, binti yangu, programu yangu ile nyingine ya bei kubwa angeinunua nani?”