Mswaki wa Pili

Askari walipobisha hodi, yule mtetezi wa wajane wanaofukuzwa majumbani mwao hakubabaika. Mkoba wake wa mahabusu ulikaa tayari nyuma ya mlango siku zote: sweta, sabuni, mswaki.

Leo ulikuwa umetuna. Akaufungua. Ndani mlikuwa na khanga mbili na mswaki wa pili, mkuukuu, nywele zimelala chali.

“Mama, huu wa nani?”

Mama mkwe, aliyemwita kiherehere miaka nenda miaka rudi, alikuwa ameinama akifunga kamba za viatu.

“Wangu. Wakakuhoji peke yako, na mdomo wangu huu niupeleke wapi?”

Mlango ukagongwa tena, safari hii kwa buti.

“Fungua, mwanangu,” alisema, akijiinua huku kashika kiuno. “Ila natangulia mimi. Wewe una adabu mno.”