Lita za Bibi

Siku hizo bomba la nyumbani halikufunguka mpaka mtoto wa nyumba ajibu swali la hesabu. Sheria ilitaka mtoto ndiye ajibu, maana watu wazima walishazoea kudanganya.

"Watu wanane hupata lita ishirini na nne," lilisema bomba asubuhi ile. "Nyinyi mko wangapi, na mpate lita ngapi?"

"Wanne," alijibu Elianjela. "Lita kumi na mbili."

Maji yakaanza kutoka. Mama yake, Mwalimu Nakiete, alikuwa amesimama nyuma yake na ndoo. Bibi walikuwa wamemzika juzi tu, na mchicha aliouotesha kwenye makopo ulikuwa umeanza kunyauka. Nakiete angenyamaza, nani angejua? Lakini alikuwa amefundisha uwiano maisha yake yote, na mdomo ulimtangulia.

"Umekosa. Tuko watatu."

Maji yakakatika. Elianjela aligeuka, machozi yakimlengalenga.

"Najua, mama. Nilitaka mchicha wa bibi upate maji."

Nakiete alitamani kuyameza maneno yake, lakini bomba lilikwisha kuyasikia.

"Mko wangapi?" likauliza tena.

"Watatu. Lita tisa."

Jioni Nakiete alimkuta binti yake amechuchumaa mbele ya bomba, akifanya mazoezi kama alivyofundishwa.

"Baba akifa, lita sita," alikuwa akisema taratibu. "Mama naye akifa, lita tatu."

"Sahihi," lilijibu bomba.