Ua Lililonuka Moshi

Itangazwe kwa walio karibu na walio mbali kwamba Rawya binti Suud, fahari ya bweni la wasichana mjini Ibra, Omani, hajapata kumwonea wivu kiumbe yeyote. Alikuwa akitafuta mkasi tu. Ndiyo maana, wenzake wakiwa darasani, yeye alipiga magoti mbele ya kabati la Taghreed, mwenzake wa chumba.

Hadi muhula ule, kila sifa bwenini ilikuwa ya Rawya: mwandiko, sauti, hina iliyokolea. Kisha akaja Bi Lorna, Mkrii, wa kabila la wenyeji wa asili wa Kanada, kufundisha Kiingereza, na jioni akawafundisha wasichana kushona maua ya shanga kama wafanyavyo watu wa kwao. Kila ua, aliwaambia, ni shukrani kwa Muumba. Ukiwa na kinyongo, weka sindano chini mpaka moyo utulie.

Rawya aliona hayo ni maneno mazuri sana kwa watu wenye kinyongo.

Ua moja tu ndilo lingekwenda kwenye maonyesho Nizwa, pamoja na aliyelishona. Rawya alikwisha kumwambia bibi yake kule Sur kwamba ataonekana kwenye televisheni, na bibi alikwisha kuutangazia mtaa mzima. Lakini kila jioni Bi Lorna alisimama kwa Taghreed, wakanong'onezana, wakacheka. Juzi Taghreed alitoka chumbani kwa mwalimu amekumbatia furushi kama mtoto mchanga. Rawya alijua ni nini: shanga bora. Wengine walikuwa wakipewa makapi.

Na asubuhi hii kabati lile lilitoa harufu ya moshi.

"Umefukiza lubani, shoga?" Rawya alimuuliza. "Wamwogopa nani?"

"Sijafukiza mie. Furushi limekuja hivyo hivyo."

Uwongo mtupu. Watu hufukiza vitu vyao kwa kuogopa kijicho, na chumba kile kilikuwa na watu wawili tu. Rawya alimtoa Taghreed kwenye hesabu, akatazama aliyebaki, akajikuta ametukanwa.

Sasa alilifungua furushi. Ndani mlikuwa na ua la buluu, petali zimelaliana kana kwamba zimeota zenyewe. Wenzake wote walishona juu ya kitambaa cheusi. Bibiye kajitafutia ngozi laini, na Ibra haina uhaba wa mbuzi. Rawya alilipapasa kwa kidole. Hata angeshona mpaka macho yapofuke, asingefika hapo.

Mkasi akauona. Akakata uzi kwenye petali ya juu, akachomoa ushanga mmoja wa buluu, akatia mwekundu, akafunga fundo. Ukakaa pale kama chunusi usoni mwa bibi harusi. Akalikunja furushi kama alivyolikuta, akaenda zake darasani akiwa na uso wa mtu aliyetoka kuswali.

Alhamisi Bi Lorna alizipanga kazi mezani. Alisema amepata tabu kuchagua, ila ua la Taghreed ndilo litakalokwenda Nizwa. Wasichana wakapiga makofi. Rawya alingoja yaishe, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, nasema kwa nia njema tu. Ua la Taghreed lina kosa."

Bi Lorna akavaa miwani, akaliinua, akaligeuza huku na huku. Alisema yeye halioni hilo kosa, akampa Rawya amwonyeshe.

Lilikuwa ua la manjano juu ya kitambaa cheusi. Rawya aliligeuza, akaligeuza tena.

"Siyo hili," alisema. "Lile la ngozi. Lenye ushanga mwekundu kwenye petali ya juu."

Darasa zima likamgeukia. Taghreed alikuwa ameshika mdomo.

"Lile nilimwazima ajifunzie," alisema Bi Lorna taratibu. "Alilishona marehemu mama yangu, juu ya ngozi iliyofukizwa moshi kama desturi yetu. Na halina ushanga mwekundu."