Utando kwenye Magurudumu

Mwanajeshi aliingia bila kubisha, akasimama katikati ya karakana ya shule, akauliza ile mashine ya kurusha mipira ni ya nani.

Mélissa alikuwa amepiga magoti mbele ya mashine hiyo, kitambaa mkononi.

"Ni yetu, chef," alisema, kabla Elysée, mwanafunzi mwenzake, hajafungua kinywa. "Ni roboti ya mashindano. Kesho tunaipeleka Kigobe."

Roboti yenyewe ilikuwa meza ya mbao, magurudumu mawili ya toroli, mota mbili za feni za gari na batiri moja. Mpira ukiingizwa katikati ya magurudumu yanayozunguka, ulifyatuka. Mipira ya dukani ilikuwa imeadimika tangu vita vikaze, kwa hiyo wao walifunga sashe za plastiki kwa kamba, kama wafanyavyo watoto wa mtaani.

Mwanajeshi alitoa kitu mfukoni. Sashe ya buluu, imepasuka, kamba bado imening'inia.

"Hii ilianguka barabarani jana. Mi ndiye niliiokota. Ni ya kwenu?"

"Eeh, hilo fundo ni la Elysée," alisema Mélissa, na papo hapo akatamani kulirudisha neno kinywani.

Barabara ile ilipita nyuma ya ukuta wa shule, na ng'ambo yake ndipo nyumba za Kinama zilipoanzia. Kinama ilikuwa imezingirwa. Hakuna aliyeingia, hakuna aliyetoka. Amri ilitangazwa kwa kipaza sauti: atakayerusha kitu chochote kuvuka ukuta atapigwa risasi. Watu walinong'ona kwamba kuna wanaowapelekea waasi risasi kwa njia hiyo.

"Ndani mulitia nini?"

"Sashe tu, chef. Sashe ndani ya sashe."

Alimtazama Elysée ili aungwe mkono. Elysée alikuwa amefumba macho. Mwezi huu alikuwa amekonda mno. Kila mchana alimtuma Mélissa bombani kuchota maji, na Mélissa akirudi alikuta gameli ya mwenzake, bakuli lake la ugali, imeshaoshwa. Hata hivyo shati lilizidi kumpwaya. Ni wasiwasi wa mashindano, Mélissa alikuwa akijiambia. Sasa hakuwa na hakika tena.

"Washa," mwanajeshi aliamuru.

Elysée aligusanisha nyaya. Magurudumu yakavuma. Mpira ulitoka kupitia mlango mpana wa karakana, ukayumba, ukaanguka kwenye mtaro katikati ya uwanja, mbali kabisa na ukuta.

Mélissa alinyoosha kidole mtaroni. "Unaona, chef? Haifiki. Magurudumu yameshika utando, yanateleza. Tangu wiki iliyopita tunatafuta sababu."

Mwanajeshi aliinama. Akakwangua utando mweupe kwa ukucha, akaupeleka puani. Akaunusa tena.

"Musafishe," alisema. "Nataka nione ikiwa safi inafika wapi."

Mélissa alilijua jibu. Ikiwa safi, mashine ile ilirusha mpira hadi ng'ambo ya ukuta. Alishaiona kwa macho yake siku za mwanzo. Alimimina esansi ya gari kwenye kitambaa, akafuta polepole, akiomba batiri iishe. Utando haukutoka. Ulisambaa tu juu ya raba kama rangi.

"Gundi gani hii inakataa esansi?" alinong'ona.

"Tumia maji," Elysée alisema. Alimsogezea birika la chai. "Ya moto."

Kwa maji ya moto utando ulilainika mara moja, ukawa uteute mweupe wenye uchachu fulani. Harufu ile Mélissa aliijua, lakini woga haukumwachia nafasi ya kukumbuka anaijulia wapi.

"Elysée, we umekuwa unarusha nini kule?"

"Nyamaza, dada. Nakuomba."

"Munapanga ndoa huko?" mwanajeshi akafoka. "Haraka!"

Magurudumu yaling'aa. Mwanajeshi alitupa jicho langoni, walikokuwa wenzake wakivuta sigara. Kisha akatoa mfukoni mpira mwingine, mdogo, uliofungwa kwa kukazwa sana. Aliupima uzito kiganjani.

"Rusha hii."

"Chef, itavuka," Mélissa alisema, machozi yakimtoka. "Mutatuua. Itavuka!"

"Nimesema rusha!"

Elysée hakusogea. Mwanajeshi alimsukuma pembeni, akagusanisha nyaya mwenyewe, akausukumiza mpira katikati ya magurudumu.

Ulipaa. Ukapita juu ya uwanja, juu ya ukuta, juu ya barabara. Walisikia ukigonga bati la paa na kubingirika. Mélissa na Elysée walijikunyata wakingojea mlipuko. Badala yake, mlango ulifunguka huko ng'ambo, ukafungwa.

Langoni filimbi ikalia. Buti zikaanza kukimbia kuelekea karakana.

Mwanajeshi alivua bunduki begani, akailaza juu ya meza ya roboti, karibu na kitambaa chenye maji.

"Muingie kwa darasa, mufunge mulango," alisema. "Wakiuliza, museme ni mi ndiye nilirusha."

"Mulikuwa na nini ndani?" Elysée aliuliza.

"Chumvi." Mwanajeshi hakugeuka, macho yake yalikuwa langoni. "Jana tulipekua kule. Kuna mama muzee, ako na wajukuu. Akaniambia bugali yenu ilikuwa inamufikia karibu kila siku, ila chumvi ndiyo hana. Nikamuahidi."