Kiraka Chekundu

Wiki ya tatu baada ya kuolewa, Nyanjura alikuwa akikandika upya ukuta wa chumbani, gamba kubwa la udongo wa zamani likabanduka. Nyuma yake, ukuta wa kijivu ulikuwa na kiraka chekundu kuanzia sakafuni hadi kiunoni, tundu lililozibwa kwa udongo wa kwingine.

Katika mji ule ukuta ulitobolewa kwa sababu moja tu: maiti ya aliyejinyonga haikupitishwa mlangoni.

“Makori, si uliniambia mke wako wa kwanza alirudi kwao?”

“Alirudi,” mumewe akajibu kutoka mlangoni, ndoo ya tope mkononi. “Ziba hapo upesi, udongo unakauka.”

Nyanjura hakuziba. Macho yake yalipanda ukutani, polepole, mpaka kwenye boriti iliyopita juu ya kitanda chao.