Wakati Mmoja

"Niliwaona wakati mmoja," Ntinyari alisema, na kiongozi wa mashtaka akainua kichwa.

Ntinyari alikuwa ameulizwa kama aliwahi kuwaona, kwenye kibanda chake cha mboga kule Chechelesi, yule mwizi wa mbuzi aliyetoroka na mdogo wake yeye Ntinyari, aliyesimama kizimbani kwa shtaka la kushirikiana na mwizi huyo. Yeye alitaka kusema aliwaona zamani kidogo, kila mmoja siku yake. Mwizi alinunua nyanya akaenda zake. Mdogo wake yeye alikuja siku nyingine kabisa, kumletea dada yake sukari.

"Kwa hivyo walikuja pamoja," kiongozi wa mashtaka alisema.

"Hapana. Nilimaanisha wakati mmoja, si wakati mmoja."

Watu waliokaa nyuma wakacheka.

Aliyatafuta maneno mengine, asiyapate. Kwa Kimeru angelisema jambo hilo bila kubabaika. Lakini asubuhi karani alipomuuliza kama anahitaji mkalimani, alijibu kwa madaha kwamba Kiswahili anakijua.

Mdogo wake alikuwa ameshikilia suruali kiunoni kwa mikono miwili, maana mshipi wake ulibaki kwa polisi. Alimwangalia dada yake jinsi alivyokuwa akimwangalia utotoni, akingoja amtetee.

"Mheshimiwa, wacha nieleze."

"Utaeleza, mama," hakimu alisema kwa upole, kalamu mkononi. "Kwanza nijibu hili. Ulisema wakati mmoja, ama hukusema?"

Ntinyari alikuwa ameapa kusema ukweli.

"Nilisema."